Kuhamia: kitenzi kimoja kwenye magazeti ya zamani na sisi watu wa Dodoma

Kusoma nilijifunzia ukutani. Chumba cha babu kule kijijini upande wa Bahi kilikuwa kimebandikwa magazeti kuta zote, mengi Uhuru na Mzalendo, yamegandishwa kwa uji wa unga, na sisi wajukuu tukipelekwa likizo tulikuwa tunalala tunayaangalia mpaka kibatari kizimwe, mengine yamekaa kichwa chini miguu juu kwa sababu aliyebandika alikuwa anaziba nyufa tu. Yale ambayo hayakubandikwa yamebaki kwenye sanduku la bati, na likizo iliyopita nimekaa nayo siku tano. Sikuwa natafuta habari yoyote, nilikuwa nafuatilia neno moja tu, kuhama, pamoja na watoto wake wote: kuhamia, kuhamisha, kuhamishwa, kuhamishiwa.

Kwa nini hilo? Mimi ni mtu wa Dodoma, na sidhani kama kuna kitenzi kimeandikwa jirani na jina la mji huu kuliko hicho, na hii ni miaka hamsini sasa. Hata jina lenyewe la mji wazee wanasema ni kitenzi, idodomya, kwa Kigogo maana yake kitu kimezama, wanasimulia tembo aliyekuja kunywa maji akadidimia kwenye tope. Kwa hiyo mji umeitwa kwa kitenzi, halafu tukaja kuishi ndani ya kitenzi kingine.

Nilichokiona kwenye lile sanduku ni hiki, na tangu nikione kimenikaa kichwani. Kitenzi hiki kimoja kilipewa kazi mbili kwa wakati mmoja. Kwa mkulima kiliandikwa kana kwamba ameshahama na amehama mwenyewe, kwa serikali kiliandikwa kwa namna ambayo hakuna siku ingefika ukasema bado hamjahama. Na sio kwamba waandishi walikaa kikao wakapanga hivyo, ni sarufi ya magazeti yenyewe ndo ilikuwa inaruhusu, na wao wakaizoea.

Sasa niingie kwenye sarufi kidogo, mtanivumilia. Kichwa cha habari cha Kiswahili kina lugha yake ambayo mtaani hakuna anayeiongea. Mtaani utasema wizara imehamia, wizara itahamia, wizara ilihamia halafu ikarudi, yaani katikati ya neno pale kuna me, kuna ta, kuna li, na hizo silabi ndo saa ya Kiswahili, ndo zinazokwambia jambo limekwisha au linakuja au lilipita. Kwenye kichwa cha habari nafasi ni finyu kwa hiyo ile saa inatolewa. Unabaki na maumbo mawili. La kwanza ni lile la a, Wananchi wahamia vijijini, Serikali yahamia, Rais aapa, Madereva wagoma. La pili ni la ku, Wizara kuhamia Dodoma, Barabara kujengwa, Bei kupanda.

Umbo la a linakupa picha ya kitu kinachotokea mbele ya macho yako, ila halikwambii kimeisha au kimeanza tu. Ukisoma Wananchi wahamia vijijini huwezi kujua wamefika wote au familia tatu, wako njiani au wamekaa mwezi, wamejenga au wanalala chini ya mbuyu. Na hapo kuna kitu kikubwa zaidi, mtendaji ni wananchi. Wao ndo wanaohama. Hakuna lori wala katibu kata wala mgambo kwenye sentensi hiyo.

Umbo la ku ndo la ajabu zaidi na mimi naona ndo lililotulea sisi watu wa hapa. Ukiandika wizara itahamia, umeweka ahadi, na ahadi inaweza kugeuka uongo, mwaka ukipita mtu anakuja na gazeti mkononi anakuuliza. Ukiandika wizara kuhamia, hujasema lini na hujasema itakuwa kweli, ni jina la tendo tu, kama vile kulala, kula, kuoga. Halina wakati kwa hiyo haliwezi kuchelewa. Gazeti la mwaka huu linaweza kuandika hivyo, na la miaka kumi baadaye likaandika hivyohivyo neno kwa neno, na yote mawili yakawa hayajadanganya. Mimi kwenye sanduku la babu nimekuta hilo umbo kwenye karatasi za rangi tofauti kabisa, zile za njano sana ambazo zinakatika ukizigusa na zile zenye weupe weupe bado. Sitanukuu kichwa fulani cha tarehe fulani kwa sababu kurasa nyingi mchwa wamekula pembeni kwenye tarehe, natoa umbo lake, na mtu yeyote aliyesoma magazeti yetu atalitambua.

Sasa hebu weka hizo sarufi juu ya kalenda. Mwezi Oktoba 1973 TANU, chama tawala cha wakati ule, inaamua makao makuu yahame Dar es Salaam yaje Dodoma, mpango ni miaka kumi, na mwaka huohuo inaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ile CDA ambayo kila mwenye kiwanja hapa mjini aliyezidi miaka thelathini anaijua. Mwezi uliofuata, Novemba 1973, Mwalimu Nyerere anatangaza kwamba kuishi kwenye vijiji sasa ni amri, na mwisho wa 1976 nchi nzima wawe wamehamia. Mwezi mmoja tu katikati. Kitenzi kilekile. Amri moja inaihusu serikali kuhamia kwetu, nyingine inatuhusu sisi kuhama kwetu.

Na kwa Dodoma hata sio 1973, sisi tulitangulia. Operesheni Dodoma ilikuwa 1971, baada ya ukame, Mwalimu akaja mwenyewe Chamwino akafyatua matofali na wanakijiji, na watu wa Ugogo ambao walikuwa wanakaa kila mtu na tembe yake, ile nyumba yetu ya asili ya udongo, na zizi lake, na shamba lake la uwele na mtama, mbali na jirani, wakakusanywa kwenye mistari ya nyumba. Kwa hiyo mkulima wa Ugogo alihama ndani ya msimu mmoja, wengine ndani ya siku moja. Serikali ilipewa miaka kumi, ikatumia zaidi ya arobaini. Sababu za serikali kuchelewa zinajulikana na sizikatai, bei ya mafuta ilipanda, vita ya Kagera ya 1978 na 1979 ikala hela, uchumi wa miaka ya themanini sote tunakumbuka wazazi wetu walivyopanga foleni ya sukari na sabuni. Mimi silalamikii kuchelewa. Ninachosema ni kwamba lugha ilimpa mmoja nafasi ya kuchelewa na mwingine ikamnyima hata nafasi ya kusema hakutaka.

Nikampelekea babu jambo hili. Jioni moja nilikaa naye nje, nikamsalimu mbukwenyi, akaitikia, nikamsomea kipande cha gazeti kinachosema wananchi wa sehemu fulani wamehamia kijiji kipya kwa furaha. Nilitegemea aniambie hapana mjukuu wangu, hatukuhama, tulihamishwa. Nilikuwa nimeshaandaa na makala kichwani yenye hiyo kauli ya kutendeshwa. Hakusema hivyo. Alisema, "Mjukuu wangu, sisi tunajua kuhama. Ile haikuwa kuhama."

Nikamuuliza maana yake nini. Akanieleza taratibu. Kwamba mtu wa Ugogo kuhama ni kazi yake, mvua hapa haina adabu, mwaka huu inanyesha kwako mwakani inanyesha kwa shemeji yako, kwa hiyo unahama. Ila kuhama kunaanza na kwenda kuangalia. Unamtuma kijana au unaenda mwenyewe, unaangalia majani, unaangalia maji ya kiangazi yako wapi, unaulizia magonjwa ya ng'ombe, unaongea na watu wa pale, mara nyingi una ndugu au mtani, unaomba. Ukirudi unakaa na wake zako na kaka zako mnakubaliana. Mnavuna kwanza. Ng'ombe wanatangulia au wanafuata kutegemea na njia. Tembe ya zamani hubomoi, miti yake unaweza kurudi kuichukua. Akaniambia hata kwenye njaa ya Mtunya, ile ya wakati wa vita ya Wajerumani na Waingereza ambayo yeye alisimuliwa na mama yake, watu walihama wakafia njiani lakini walikuwa wamechagua njia. "Siku ile ya operesheni hatukwenda kuangalia," akasema, akanyamaza.

Hapo nikaona mimi mwenyewe nilikuwa nimekosea. Nilikuwa nadhani shida ni kauli, kwamba walitakiwa waandike wahamishwa badala ya wahamia, na kweli hata hilo lingesaidia. Ila babu alikuwa anaongelea kitu cha chini zaidi. Gazeti lilichukua neno ambalo kwa watu wa huku lina ujuzi ndani yake, lina kuangalia na kuomba na kuvuna kwanza, likalitumia kwa kitu ambacho hakikuwa na hata kimoja kati ya hivyo. Neno likabaki lilelile, utumbo ukatolewa. Na kwa kuwa gazeti ndo lililobaki kwenye sanduku, mtu wa miaka mia ijayo akisoma atadhani Wagogo walihama kama walivyozoea kuhama, tena wengine watasema si ni wafugaji wa kuhamahama hao, wamezoea.

Hiyo kuhamahama nayo. Angalia tu ukirudiarudia hicho kitenzi kinavyogeuka tusi. Mtu akihama ana akili, akihamahama hana mpango. Magazeti ya zamani yamejaa hiyo, wafugaji wa kuhamahama, kilimo cha kuhamahama, na karibu kila mara kinachofuata ni watakiwa waache. Sijaona mahali mfanyakazi wa serikali anayehamishwa Mtwara leo, Kigoma mwaka kesho, Singida mwaka unaofuata anaitwa mtumishi wa kuhamahama. Huyo anapata uhamisho. Kuna nomino nzuri kabisa imetengwa kwa ajili yake, na posho ya kufungasha mizigo.

Turudi kwa serikali na ile ku yake. Nilichofurahia kwenye lile sanduku, maana na mimi napenda lugha kwa kweli, ni kuona jinsi kitenzi kinavyochoka. Mwanzoni kuhamia peke yake kinatosha, kina nguvu, ukikisoma unaona malori. Anayeongoza hiyo CDA miaka ya mwanzo ni George Kahama, na mtu wa Kiswahili huwezi kulipita hilo jina bila kusikia akahama ndani yake. Baadaye kitenzi kinaanza kuhitaji msaada. Kinaongezewa mchakato, mchakato wa kuhamia. Kinaongezewa azma, azma ya kuhamia, halafu mpango wa kuhamia, halafu dhamira. Yaani kuhamia kinaacha kuwa kitenzi kinakuwa mzigo unaobebwa na nomino nyingine. Vipande vinakuja, sikatai, CCM iliweka makao yake makuu hapa na mikutano yake mikubwa ikawa ukumbi wa Chimwaga, Bunge likaja 1996, TAMISEMI, ile ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, ikawepo. Ila watu wa mjini hapa lugha yao ilikuwa ya ukweli kuliko ya gazeti. Gazeti limeandika Bunge lahamia Dodoma, mtaani tunasema wabunge wamekuja. Wamekuja, wameondoka, watakuja tena Aprili kwenye bajeti. Wenye gesti na mama ntilie walijua tofauti ya kuja na kuhamia kabla ya mwandishi yeyote kwa sababu ndo ilikuwa kalenda yao ya kula.

Halafu ikaja 2016. Julai mwaka ule Rais Magufuli akasema akiwa hapahapa Dodoma kwamba serikali inahamia na haina mjadala, Waziri Mkuu Majaliwa akaja mwishoni mwa Septemba, Makamu wa Rais wakati huo Mama Samia akaja Desemba 2017, Rais mwenyewe Oktoba 2019, katikati hapo CDA ikavunjwa Mei 2017, mji ukawa jiji tarehe 26 Aprili 2018, na mwaka huohuo ikapitishwa sheria ya kuitambua Dodoma kuwa makao makuu. Na hapo ndo kikatokea kitu kwenye vichwa vya habari ambacho mimi nakiona ni ushahidi wa kila nilichosema. Likaongezwa neno rasmi. Ahamia rasmi Dodoma. Serikali yahamia rasmi.

Jiulize kwa nini rasmi. Kitenzi kizima hakihitaji rasmi. Hakuna anayesema nimekula rasmi au mtoto amelala rasmi. Unaongeza rasmi pale ambapo umeshalitumia neno mara nyingi bila kulimaanisha mpaka msomaji hakuamini tena, sasa unamshika mkono unamwambia safari hii ni kweli. Neno rasmi pale ni deni la miaka arobaini na tatu linalipwa na silabi mbili. Na ukitazama vizuri utaona kila kigogo aliyekuja alihamia rasmi kivyake, kila wizara ikahamia rasmi kivyake, hakuna siku moja ambayo ungeweza kuizungushia duara kwenye kalenda. Labda ndivyo serikali inavyohama, kwa vipande, sijui kama kuna namna nyingine. Ikulu ya Chamwino yenyewe imezinduliwa Mei 2023, miaka hamsini tangu ule uamuzi wa TANU ilikuwa inakaribia kutimia.

Mtaani wakati huohuo tukawa na swali letu. Dada mmoja anayepangisha nyumba Ilazo, kila mpangaji mpya anamuuliza kitu kimoja kabla ya kodi, "Umehamia au umekuja kikazi?" Kwa sababu aliyehamia anakuja na watoto, anaulizia shule, anaulizia maji yanatoka siku ngapi kwa wiki, anapanda mti. Aliyekuja kikazi ana godoro na jiko la gesi la mtungi mdogo, Ijumaa jioni hayupo, na sasa hivi tangu treni ya umeme ianze kufika Dodoma Julai 2024 hata Ijumaa mchana unaweza usimkute. Wote wawili kwenye gazeti wamehamia. Yule dada anajua ku, a, me na rasmi zote hazimsaidii, ana kipimo chake.

Naomba niseme na hili hata kama litaonekana limekaa pembeni. Siku hizi kitenzi kuhamishwa kimepungua sana magazetini, na mtu anaweza kufurahi akadhani watu hawahamishwi tena. Kimepata mbadala. Sasa hivi wananchi wanapisha. Wapisha mradi, watakiwa kupisha ujenzi wa barabara, walipwa fidia kupisha uwanja. Kupisha ni neno zuri la heshima, unapisha mzee mlangoni, unampisha mjamzito kwenye daladala, ni adabu. Ukilitumia kwa mtu anayeondoka kwenye kaburi la baba yake umemfanya aliyekataa aonekane hana adabu. Na lile la hiari, kuhama kwa hiari, tulilisikia sana 2022 kwa wenzetu wa Ngorongoro waliopelekwa Msomera kule Handeni. Mimi sikuwepo, siwezi kumsemea aliyehama, kuna waliosema wamefurahi na kuna waliolia. Ila kwenye lugha najua kitu kimoja. Hiari ni ndugu yake rasmi. Ukiona kitenzi kinatembea na mlinzi, uliza kwa nini.

Wahariri wetu, wengine ni rafiki zangu nimesoma nao, wataniambia nafasi ni ndogo na msomaji anaelewa. Nafasi ni ndogo kweli. Ila me ni herufi mbili, ta ni herufi mbili, shwa ni nne. Wizara itahamia Julai sio ndefu kuliko Wizara kuhamia Dodoma, na inampa msomaji kitu cha kudai. Kwenye aya ya kwanza ya habari basi, kama kichwani haikutosha, tuambieni nani kahama, kahamishwa na nani, na je alikwenda kuangalia kwanza. Mwandishi wa 1971 alikuwa na mazingira yake, gazeti lilikuwa la chama na chama ndo kilichokuwa kinahamisha, na mimi niliyekaa leo kwenye dawati langu simlaumu sana. Wa leo ana simu mfukoni na anaweza kumpigia mtu wa Msomera.

Kuna nomino moja ambayo magazeti yote ya sanduku lile sikuikuta hata mara moja, na ni mtoto halali wa kuhama. Mahame. Ni mahali ambapo watu walikaa wakahama, panabaki miti waliyopanda na mafiga na alama za zizi. Kiswahili cha zamani kilikuwa nalo na kamusi zinalo mpaka leo. Kila kuhamia kunaacha mahame nyuma, haiwezekani vinginevyo, lakini habari zote zilikuwa zinaangalia kijiji kipya, hakuna mpiga picha aliyegeuza kamera.

Babu alinipeleka kwenye mahame yao siku ya mwisho kabla sijarudi mjini. Ni mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kwa mtu wa umri wake, alikataa bodaboda. Kuna mibuyu miwili, kati yake ndo tembe ilikuwa, udongo wake umeshuka umebaki kama tuta refu la mraba limeota nyasi. Akanionyesha mlango ulikuwa wapi, ng'ombe walikuwa wanalala wapi, na upande ule ambao mama yake alikuwa anasaga. Vigingi vya mawe vya wapima ardhi vimechimbiwa pale, vimepakwa rangi nyekundu juu, kimoja kiko ndani ya zizi kabisa. Nikamuuliza anajua ni vya nini, akasema kijana mmoja alimwambia viwanja vya wafanyakazi. Akainama akasafisha majani pembeni ya kile cha zizini ili kionekane vizuri, akasema wasije wakakikosa.